Dawa ya Magoti ya Mume Wangu

Harufu ya dawa ile ilimtangulia mume wangu nyumbani. Kabla hajasukuma mlango wa bati wa uani nilikuwa nimeshajua kwamba anakuja, na majirani nao walijua. Ilikuwa harufu kali ya kupanda puani na kutoa machozi. Mpaka leo nikiinusa kwa mtu sokoni namfuata kidogo bila kupenda, halafu narudi kwenye shughuli zangu.

Alikuwa fundi wa malori katika mtaa wa Buyenzi, Bujumbura. Kazi yake ilikuwa kulala chini ya magari na kupiga magoti kwenye kokoto, na magoti yakachoka kabla yake. Alipoanza kuchechemea, vita vilikuwa vimeshaingia mjini. Mwanzoni alimeza vidonge. Vilituliza magoti lakini vikamharibu tumbo, na asubuhi moja akatapika kitu cheusi kama mashapo ya kahawa. Siku hiyo mji ulikuwa umefungwa na magari hayakutembea. Wenzake wa gereji walimpeleka hospitali kwenye mkokoteni wa kubebea injini. Alipona, na daktari akamwambia asimeze tena kidonge chochote cha maumivu.

"Ukimeza tena, mzee, usije kunitafuta. Sitakuwa na la kufanya."

Kilichobaki kilikuwa cha kupaka. Hapo ndipo mikono yangu ilipoingia kazini. Kila asubuhi baada ya chai alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, akakunja suruali mpaka mapajani, nami nikakaa mkekani mbele yake. Waliopita walimtania.

"Mzee, mukeo anakupaka kama mutoto muchanga!"

"We wako muulize kama anajua hata uko na magoti," naye aliwajibu.

Kisha nchi jirani zilituwekea vikwazo na mipaka ikafungwa. Dawa za tyubu ziliisha madukani. Katika farmasi ya karibu na soko kulikuwa na mama mmoja, Mkristo, mfamasia wa kusomea, aliyekaa Musaga, kusini mwa mji. Petroli ilipokosekana alikuja mjini kwa miguu, na siku ambazo risasi zilisikika upande wa kusini dirisha lake halikufunguliwa. Alituambia kwamba shuleni walifundishwa kuchanganya marhamu kwa mkono, na alidhani ameshasahau. Aliweka kipande cha marumaru mezani, akachukua kisu kipana kisicho na makali, akamimina matone ya dawa kutoka kwenye chupa nyeusi juu ya mafuta ya mgando, akawa anasugua na kukunja, kusugua na kukunja.

"Hii ni ndugu ya aspirini," alimwambia mume wangu. "Ndugu ya ile iliyokuharibu tumbo. Ila hii inapitia mulango mwingine."

Tulipaka wiki nzima. Nyumba ilinuka, mto ulinuka, mkate ulinuka. Tukarudi.

"Mama, dawa yako mtaa mzima umeipata," mume wangu alisema. "Goti tu ndiyo haina habari."

Yule mama alicheka mpaka akavua miwani. Halafu akatueleza, na nikakumbuka kwa sababu hakutueleza kama watu wasiojua kitu. Alisema dawa ile inapenda mafuta. Ukiiweka ndani ya mafuta ya mgando inajisikia nyumbani, na mtu aliye nyumbani kwake hatoki mbio. Ili iingie mwilini, lazima iipende ngozi kuliko kile kilichoibeba.

"Basi dawa ni abiria," mume wangu alisema polepole, "na haya mafuta ni gari."

"Ndiyo, papa."

"Na hili gari halifungui mulango."

"Hapo umeshafika. Sina cha kuongeza."

Tangu siku hiyo hakusema tena marhamu wala mafuta. Alisema gari. "Leo tumepata gari gani?"

Mafuta ya mgando nayo yaliisha mjini, tukajaribu mawese. Mawese yalipaka rangi kila kitu: shuka, kanzu, mkeka, kucha zangu. Mume wangu alikuwa na rafiki, fundi mwenzake wa gereji moja, na tangu ujana wao walisali bega kwa bega katika safu ya mbele ya msikiti wetu, nyuma kidogo ya imamu upande wa kulia. Rafiki huyo alipoona madoa kwenye kanzu alisema, "Ndugu yangu, leo umetuletea mchuzi." Mawese tukayaacha. Jirani yetu, mwanamke aliyekimbia kutoka milimani, akanipa siagi ya ng'ombe, ile ambayo kwao huwapaka watoto na maharusi. Mfamasia aliinusa, akakunja uso, akachanganya. Siagi iliingia. Nilihisi chini ya vidole ngozi ikiinywa, na mchana ule mume wangu alipanda ngazi za msikiti bila kushika ukuta. Lakini katika joto la Bujumbura siagi ilichacha mwilini mwake.

"Jana mchuzi, leo zizi," rafiki yake alimwambia mbele ya watu. "Kesho utaingia na ng'ombe mwenyewe."

Mume wangu alinisimulia hayo akicheka, huku nikimsugua, na mafuta yakawa yanatikisika gotini.

Haikupita muda mrefu, rafiki huyo akaitwa kutengeneza lori lililokwama nje ya mji. Walimleta ndani ya turubai. Sitaandika zaidi juu ya hilo, kwa sababu sikuwepo na waliokuwepo hawakusema sana. Mume wangu na wenzake walimwosha maiti, wakamzika, naye akarudi gerejini. Ila kwa muda mrefu hakuuliza tena leo tumepata gari gani.

Mfamasia aliona kwamba siagi imetushinda, akatengeneza nyingine, nyepesi kama ute wa yai, ya baridi. Ile ilifanya kazi hata kabla sijamaliza kufunika kopo. Mume wangu alinyoosha mguu, akaukunja, akanitazama.

"Ameweka nini humu?"

Tulikwenda kumuuliza. "Ni alikoli, papa. Inafungua ngozi, halafu yenyewe inaruka hewani, inaacha dawa ndani."

Mume wangu alitoa kitambaa mfukoni, akainama pale pale kaunta, akaanza kujifuta.

"Papa! Haiwezi kukulewesha."

"Najua. Lakini mi sijapata kuonja pombe kwa mdomo. Sasa nianze kuinywa kwa goti?"

"Si kunywa hii."

"Umesema inafungua ngozi."

Yule mama aliniangalia kama mwanamke anavyomwangalia mwenzake juu ya kichwa cha mwanamume. Nami sikumsaidia, kwa sababu nilimjua mume wangu.

"Dawa sikatai, dada," alimwambia kwa upole. "Nakataa gari."

Basi mfamasia akafanya kazi ya nne au ya tano, hata sijui. Aliyeyusha nta ya nyuki na mafuta, akachemsha maji na vipande vya sabuni, akavimimina pamoja akipiga kwa mwiko mpaka vikawa vyeupe kama mtindi. Maji na mafuta hayapendani, alisema, sabuni ndiyo inayawekea amani. Na ndani ya mchanganyiko huo dawa haikai kwa raha, kwa hiyo ikigusa ngozi inahamia. Ilikuwa laini, haikuacha doa, haikunuka zizi. Aliponikabidhi kopo alinishika mkono.

"Mama, kidogo tu, asubuhi na jioni. Na musifunike. Ngozi ukiifunika inalowa, inafunguka, na kila kitu kinaingia. Ikiingia nyingi inafika kwenye damu, na ikifika kwenye damu, tumbo halitauliza kama ilipita mdomoni ama gotini."

Mume wangu hakuamini kwamba kitu kinaweza kutoka gotini mpaka tumboni. Yule mama akamwambia: nenda nyumbani, ponda kitunguu thomu, jipake chini ya mguu, funga na mfuko wa plastiki, ukae. Nilidhani ni mzaha. Lakini mume wangu alikuwa mtu wa kufungua injini aone mwenyewe. Alikaa uani, mguu ndani ya mfuko, akisikiliza redio. Baadaye akaniita.

"Njoo uninuse."

Akafungua mdomo. Nami niliyekuwa naye tangu adhuhuri, niliyejua kwamba hakuweka kitu ulimini, nilinusa kitunguu thomu katika pumzi yake.

"Umeona?" alisema, na hakuwa anacheka. "Ngozi ni mdomo."

Hilo neno lilikaa kichwani mwake, na mwezi wa Ramadhani ulipoandama likatuingiza matatani. Kama ngozi ni mdomo, basi kupaka mchana ni kula mchana. Nilimwambia akamuulize maalim. Alikwenda. Maalim alimwambia kwamba kinachopakwa juu ya ngozi hakivunji mfungo, apake, afunge, asali, na Mungu anajua nia yake. Alirudi akaketi.

"Sasa tumepata ruhusa," nilisema.

"Maalim hajanusa pumzi yangu," alisema.

Akaamua nimpake wakati wa daku kabla ya adhana ya alfajiri, na tena baada ya kufuturu. Katikati hapana. Asubuhi alikuwa mzima. Adhuhuri dawa ilianza kumtoka, na ikifika alasiri hakuweza kuinuka kutoka kwenye sijida bila kushikilia bega la mtu. Maalim alimtengea kiti mwisho wa safu, pembeni, ambako kiti hakimzuii mtu. Wazee wengine walisali vitini na hakuna aliyewacheka. Mume wangu alikataa kiti. Nilimsema sana siku hiyo. Nilimwambia dini haikumtuma ajiue.

Akasema, "Nikikaa pembeni, nani atasimama pale?"

Nilijua pale ni wapi, kando ya nafasi ya rafiki yake. "Watu watasogea. Safu haiachwi wazi."

"Ndiyo," alisema. "Watasogea."

Sikumwambia tena habari ya kiti.

Halafu zikaja siku nzuri. Alianza kurudi kutoka sala ya alasiri akiwa amenyooka, anatembea kama kijana, na nikamshukuru Mungu, nikamshukuru na mama wa Musaga. Kweli, wakati wa kufuturu hakula sana, na uji alikuwa anauacha nusu, lakini wengi tulikuwa hivyo mwaka ule. Jambo lililonishangaza ni masikio yake. Tukiwa tumekaa alikuwa anainua kidole.

"Unasikia?"

"Nini?"

"Kama redio iliyokosa stesheni."

Katika mji wetu wakati ule kila mtu alikuwa anasikiliza kitu. Nikasikiliza upande wa milima, sikusikia kitu, nikafikiri tu kwamba masikio yake ni mazuri kuliko yangu.

Alasiri moja alirudi amepauka, anapumua haraka haraka kama mtu aliyekimbia, akaegemea ukuta, kisha akajilaza mkekani bila kuvua viatu. Nilimvua. Suruali ilikuwa imembana magotini, nikaikunja ili apate hewa. Nikaona mpira mweusi. Alikuwa amekata tyubu ya tairi vipande virefu, safi, kingo zake zimenyooka, akazungushia magoti yote mawili kama anavyofunga bomba linalovuja, na ncha akazichomeka ndani vizuri. Ilikuwa kazi nzuri. Nilipoifungua, ngozi ya chini yake ilikuwa nyeupe, imekunjamana kama vidole vya mtu aliyefua kutwa nzima, na ile harufu ikanipiga usoni.

"Mchana sijaongeza kitu," alisema akiwa amefumba macho. "Unanipaka kabla ya adhana, nafunga. Inakuwa imeshaingia. Mchana sijala."

Nilikimbia farmasi. Yule mama alikuwa amefunga kabati, anavaa viatu vya njiani. Nilimwambia maneno mawili, mpira na magoti, akaacha mkoba wake juu ya kaunta akatoka nami. Alijua kwamba akija kwetu hatawahi tena njia ya Musaga kabla ya saa ya watu kukatazwa kutembea. Hakusema. Usiku ule alilala kwetu, kitandani kwangu, na asubuhi akanisaidia kuchota maji.

Alipiga magoti kando ya mume wangu. "Papa, masikio yanalia?"

"Yanalia."

"Choo?"

Mume wangu aliona haya kwa sababu nilikuwepo. "Cheusi. Tangu juzi."

"Papa, papa. Ile aspirini tuliyoikatalia mdomo umeinywa yote kwa magoti." Nilielewa kwamba alikuwa anaogopa kwa ajili yake mwenyewe pia, kwani dawa ilitoka mikononi mwake. Aliniagiza maji na sabuni, tukaosha magoti, yeye moja na mimi moja, tukasuuza, tukaosha tena. Kisha akasema lazima anywe maji, mengi, sasa hivi, na kesho hospitali, na mfungo umekwisha kwake mwaka huu.

Jua lilikuwa limebaki kidogo tu ukutani. Mume wangu alilitazama.

"Maghribi imekaribia. Nisubiri."

"Damu ya tumbo haisubiri adhana, papa."

Mimi nilikuwa nimeshika kikombe. Maneno ya dini ya kumtuliza nilikuwa nayo, ya mgonjwa na msafiri, maneno ambayo kila mtoto wa madrasa anayajua, lakini alikuwa anayajua kuliko mimi. Alinitazama, na nikaona kwamba haulizi habari ya maji. Alikuwa anauliza habari ya pale, katika safu, upande wa kulia wa imamu. Niliinua kichwa chake nikakiweka pajani kwangu, nikaleta kikombe mdomoni, na nikakishika hapo bila kukiinamisha. Mkono wangu ulianza kuchoka. Kisha akafungua mdomo mwenyewe, akanywa. Machozi yalimtoka pembeni ya macho yakaingia masikioni, yale masikio yanayolia, na nikayafuta kwa mtandio.

Hospitali walimlaza siku chache. Damu ilikoma, masikio yakatulia. Daktari alisema maneno mengi ambayo alistahili kuyasema.

Siku ya Idi tulikwenda uwanjani. Wanawake tulikuwa nyuma, na niliona migongo ya wanaume wote. Mume wangu alikaa kwenye kiti pembeni kabisa, kanzu yake nimeipiga pasi mimi, kofia mpya. Imamu alisema wanyooshe safu. Watu wakasogea, bega likagusa bega, na katika safu ya mbele hapakuwa na uwazi wowote. Mume wangu aligeuza kichwa akatazama. Wengine walipoinuka yeye alibaki ameketi, viganja juu ya magoti. Nilimtazama mimi badala ya kuangalia mahali pa sijida yangu, na sala yangu ya siku hiyo sijui kama ilipokelewa.

Baada ya sala yule mama wa Musaga alikuja kula pilau kwetu. Alileta kopo.

"Hii iko bila dawa," alisema waziwazi. "Ni nta, mafuta na maji tu. Mama amezoea kukupaka, na ngozi yako imekauka."

"Gari tupu," mume wangu alisema.

"Gari tupu, papa."

Nilimpaka kila asubuhi kwa hilo gari tupu, miaka yote iliyobaki. Kila nilipomaliza alinyoosha mguu, akaukunja, akasema sasa ni afadhali. Nilimuuliza mara moja kama ni kweli. Alisema ni kweli. Sijui. Huenda alinionea huruma, au nami nilimwonea huruma kwa kuuliza. Siku za mfungo alizokula alizilipa zote, na msikitini aliketi kwenye kiti chake, na vijana walimfuata pale kumsalimia.

Alifariki kabla vita havijaisha, kwa homa, si kwa magoti wala tumbo. Maalim alisema wanaume wako tayari kumwosha. Nikasema mke ana haki yake, naye akakubali, akaniachia na wazee wawili wa kunisaidia kumgeuza. Tulimwosha kwa upole. Mwishoni mzee mmoja alinipa kafuri iliyosagwa, ya kupaka mahali panapogusa ardhi wakati wa kusujudu. Nilipaka paji la uso, na pua. Nikapaka viganja. Nilipofika magotini mikono yangu ikaanza kuzunguka yenyewe, kutoka nje kwenda ndani, kwa kidole gumba, kama kila asubuhi.

"Inatosha, mama," yule mzee alisema taratibu. "Hiyo inakaa juu tu."

"Najua," nilisema, na nikahamia goti la pili.